Cohort ni nini hasa na unalitumia vipi: mwongozo wa mtu wa Nairobi

Hili neno cohort limetuzunguka siku hizi. Ukifungua simu asubuhi unapata tangazo la mafunzo ya kompyuta limeandikwa "Applications for Cohort 6 are now open", ukipanda matatu redio inaongea kuhusu "the pioneer cohort" ya CBC, ule mtaala wa shule zetu, ukienda mkutano wa shirika pale Kilimani mtu wa ripoti anasema cohort hivi cohort vile, na jioni mtoto wa jirani anakuambia amechukuliwa feloshipu, ako cohort ya tatu. Wengi tunaitikia tu kwa kichwa, tunajua ni kitu kama kundi, maisha yanaendelea. Lakini hili neno liko na kazi yake ambayo group na team haziwezi kuifanya, na ukilishika vizuri litakusaidia kusoma matangazo, kuomba nafasi, kuandika ripoti ya ukweli na hata kujua kama biashara yako inakua ama inakudanganya. Nimeipanga hatua kwa hatua, na ukifika kwa hesabu tafadhali shika kalamu, usisome tu.

Kitu kidogo kwanza: nikiandika cohort naongea juu ya neno la Kizungu lenyewe, na nikiandika kohoti naongea Kiswahili changu cha kawaida, juu ndivyo tunavyolitamka hapa. Hiyo h ya katikati inasikika na uzito uko mwanzoni, KO-hoti. Kwa maandishi ni c-o-h-o-r-t, sio cohot, sio corhot, nimeyaona yote mawili kwa barua za watu wazuri kabisa ambao walistahili hiyo nafasi.

Hatua ya 1: Uliza walianza nini, na lini

Kabla uite kundi lolote kohoti, jiulize hawa watu walianza nini pamoja na walianza lini. Jibu likipatikana, hiyo ni kohoti. Likikosekana, andika group na usonge mbele.

Chukua watu wamesimama Railways saa moja jioni wakingoja gari za Rongai. Ni wengi, wanaenda njia moja, mvua inawanyeshea pamoja, lakini hapo hakuna kohoti, mmoja anaishi Rongai tangu zamani na mwingine amekuja kumwona shangazi. Sasa chukua makanga wote walioingia sacco fulani mwezi wa kwanza mwaka huu. Hao ni kohoti, hata kama hawajuani kwa majina, hata kama mmoja anafanya asubuhi na mwingine usiku, juu kuna mlango mmoja walioingilia na wakati mmoja walioingia.

Huo mlango unaweza kuwa kitu chochote. Kuzaliwa mwaka mmoja, na hiyo Wazungu wanaiita birth cohort. Kuanza darasa la kwanza pamoja, kuajiriwa mwaka mmoja, kufunga ndoa mwaka mmoja, kupata chanjo mwezi mmoja, kuchukua mkopo wa kwanza wiki moja. Gen Z wenyewe ni kohoti ya kuzaliwa, kituo cha utafiti cha Pew kule Marekani huwahesabu kuanzia waliozaliwa 1997 mpaka 2012, kwa hivyo mtu wa 1994 anaweza kuvaa kama wao na kuongea kama wao na kuandamana nao lakini kwa hesabu hiyo hayuko ndani.

Halafu kuna sehemu ya pili ambayo watu husahau: kohoti hufuatwa. Ukishajua walianza lini, unaangalia wako wapi baada ya mwezi, baada ya mwaka, baada ya miaka kumi. Bila huo muda unaotembea, hilo neno halina kazi.

Na enyewe hiki kitu si kigeni kwetu hata kidogo. Kiswahili kina rika na kina hirimu. Wagikuyu walikuwa na mariika, waliotahiriwa msimu mmoja wanapewa jina, mara nyingi la tukio la mwaka huo, Wakalenjin wana ibinda ambazo majina yake yanazunguka na kurudi baada ya vizazi, Wamaasai nao moran wanapandishwa pamoja ngazi kwa ngazi mpaka wanakuwa wazee. Mtu wa rika lako ni wa rika lako mpaka mwisho. Akihamia Mombasa bado ni wa rika lako, akitajirika na kuacha kukusalimia bado ni wa rika lako, akifa bado anatajwa na rika lake. Shika hiyo, tutaihitaji mbele.

Neno lenyewe la Kizungu limetoka kwa Kilatini, cohors, ambalo kwanza lilikuwa ua, yaani uwanja uliozungushiwa, kisha likawa watu walio ndani ya huo uwanja, kisha jeshi la Roma likalichukua: lejioni moja, yaani kikosi kikubwa cha jeshi hilo, ilikuwa na cohort 10, na cohort ya kawaida ilikuwa na wanajeshi kama 480, vikosi sita vya watu 80. Kama unasoma Biblia ushakutana nalo bila kujua. Kwa Matendo ya Mitume sura ya 10 kuna Kornelio, akida wa kikosi kilichoitwa Kiitalia, na hapo Biblia kadhaa za Kizungu zinaandika Italian Cohort.

Hatua ya 2: Soma tangazo kama mtu anayejua

Ukiona "Cohort 6", tangazo limeshakuambia mambo matatu kabla hujafungua fomu. Kuna siku moja ya kuanza kwa wote na ukichelewa unangoja inayofuata, sio unaingia katikati. Mtaenda pamoja kwa ratiba moja. Na kuna kohoti tano zilizopita, ambazo ni watu, wako mahali, wana simu.

Hiyo ya tatu ndiyo ya maana zaidi na ndiyo watu hawatumii. Kabla utume pesa ya usajili, watafute watu wa Cohort 2 au 3. Ingia LinkedIn uandike jina la programu, utawapata, waandikie kwa heshima uwaulize: mlianza wangapi, mkamaliza wangapi, na sasa wengi wako wapi. Mtu akikuambia tulianza 40 tukamaliza 11 hiyo ni habari kubwa kuliko picha zote za watu wameshika laptopu wakicheka. Programu ikikataa kabisa kukuambia waliotangulia walifikia wapi, mimi singelipa.

Maneno yanayokaa karibu na cohort kwa matangazo yanachanganya watu, acha niyapange haraka. Intake ni kule kuingia, ndio maana vyuo vinasema January intake, May intake, September intake, na wale walioingia kwa hiyo intake sasa ndio cohort. Batch ni neno la vitu zaidi, mikate inatoka batch moja, dawa zina batch number, ukiliitia watu linaeleweka lakini linawafanya kama mzigo, silipendi. Class inafanana sana na cohort, class of 2019 ni waliomaliza mwaka huo, kwa hivyo kwa kawaida inahesabu mwisho, wakati cohort inahesabu mwanzo. Team wana kazi moja ya kufanya pamoja, kohoti si lazima wawe nayo. Stream ya shule, ile ya 8 East na 8 West, ni mgawanyo wa kohoti moja vipande viwili.

Ukiona "cohort-based course" inamaanisha mnaanza pamoja, kuna tarehe, kuna watu wa kukungoja. Kinyume chake ni "self-paced", unasoma saa yako. Kwa watu wengi wenye kazi na watoto hiyo ya pili inaonekana rahisi, lakini kama unajijua unaacha vitu katikati, tafuta ya kohoti, wenzako watakuvuta.

Na tangazo likisema "Cohort 4" halafu chini "join anytime", uliza vizuri. Hivyo viwili havikai pamoja. Huenda mtu ameokota neno juu lina sauti ya maana.

Hatua ya 3: Liandike kwa barua na kwa CV

Hii hapa barua ya aina inayokataliwa: "I want to join your cohort because I am hardworking and your cohort is the best." Neno limerushwa mara mbili na halijabeba chochote.

Linganisha na hii: "I am applying to join the September cohort. I run a small poultry project in Ruai and I would like to learn book-keeping alongside other farmers who are also in their first year." Hapa mwandishi ameonyesha anaelewa kuna siku ya kuanza, ameonyesha anajua ataenda na watu walio pale alipo, na anayesoma anaona picha ya mtu halisi na kuku wake.

Kwa CV andika kavu kavu: "Trainee, Cohort 3, January–June 2024". Ukiwa na nafasi ongeza "cohort of 25 trainees" ili msomaji ajue ukubwa wa darasa. Kama hukumaliza, na kuna sababu nyingi za kutomaliza, fee, mimba, kufiwa, kazi ya ghafla, usiandike kana kwamba ulimaliza na pia usilifute kabisa. Andika "Attended Cohort 3, January–March 2024". Ulikuwa wa hiyo kohoti, hiyo ni haki yako kusema, na kwa intavyuu mtu akiuliza unaeleza bila kutetemeka.

Hatua ya 4: Sarufi yake, fupi tu

Cohort ni neno la umoja linalobeba watu wengi, kama family ama committee. Wamarekani huliwekea kitenzi cha umoja, "the cohort has finished". Waingereza wanakubali vyote, "the cohort has" ukiiona kama kitu kimoja na "the cohort have" ukiwaona kama watu mmoja mmoja. Hapa Kenya tumefundishwa Kizungu cha Uingereza kwa hivyo hakuna atakayekufa ukitumia yoyote, ila ukianza na has endelea na has mpaka mwisho wa barua. Ukitaka usalama kabisa sema "members of the cohort have", hapo hakuna mzozo.

Cohorts ni kohoti zaidi ya moja. Ukiwa na darasa moja la watu 30 usiandike "we are 30 cohorts", hiyo ni madarasa 30. Andika "a cohort of 30". Ni "in Cohort 3", bila the mbele yake, lakini "the third cohort" inataka the.

Halafu kuna mtego. Mtu mmoja kumwita cohort, kama "my cohort Jane", utaisikia kwa Wamarekani wakimaanisha mwenzangu, na wahariri wengi wanaipinga hadi leo. Kwa barua rasmi epuka, sema "a member of my cohort". Na kwa magazeti ukisoma "the governor and his cohorts", hapo hawasifu mtu, hiyo inabeba maana ya wapambe, watu wa kumzunguka na kumlinda. Kwa hivyo ukimwandikia bosi barua ya shukrani usiseme "thank you and your cohorts", atashangaa umemkosea nini.

Hospitalini utasikia pia cohorting, lilisikika sana wakati wa Covid, ni kuweka wagonjwa wa maradhi sawa wodi moja. Hiyo ni matumizi yake ya kando, ijue tu.

Hatua ya 5: Hesabu kwa kohoti

Hapa ndipo neno linageuka kuwa chombo, na hapa ndipo ningetaka kila mtu ako na biashara Nairobi akae kidogo.

Tuseme una jimu Donholm. January umesajili watu 40, si unajua January. February unahesabu walio hai kwa daftari, wako 47. March wako 49. Wewe unaona 40, 47, 49, biashara inapanda, unaenda kutafuta nafasi kubwa na kuchukua mkopo wa mashine.

Ngoja. Chukua daftari upya, ukurasa ulale kwa upana. Kwa mkono wa kushoto andika mwezi mtu alioingia, mstari mmoja kwa kila mwezi, January, February, March. Juu andika mwezi wa kuingia, mwezi mmoja baadaye, miezi miwili baadaye. Sasa kwa kila mstari hesabu wale wale walioingia mwezi huo, wangapi bado wanalipa.

Mstari wa January: walioingia 40, mwezi mmoja baadaye wamebaki 22, miezi miwili baadaye wamebaki 12. Mstari wa February: walioingia wapya 25, mwezi mmoja baadaye wamebaki 13. Mstari wa March: wapya 24, hao bado ni wageni. Jumlisha March uone, 12 na 13 na 24 ni 49, ndio ile ile 49 iliyokufurahisha. Lakini sasa unaona ndani yake. Karibu nusu ya watu wako wako hapo kwa mara ya kwanza, na kati ya wale 40 wa January wamebaki 12 peke yake, asilimia 30. Hii ni ndoo inavuja na wewe unaongeza maji juu.

Soma tena ukishuka. Mwezi mmoja baada ya kuingia January walibaki asilimia 55, February asilimia 52. Zinakaribiana sana. Kwa hivyo shida si kwamba watu wa January hawana msimamo, shida iko kwa mwezi wa kwanza wa kila mtu, hapo ndipo unawapoteza. Sasa unajua pa kuanzia: mpigie simu mgeni wiki ya pili, mwonyeshe mashine, mjulishe kwa wenzake, ama weka wageni wa mwezi mmoja wafanye mazoezi saa moja pamoja. Mwezi wa nne angalia mstari wa April kama asilimia imesonga. Ikisonga, umetibu. Isiposonga, jaribu kingine. Poster kumi mpya kwa stage hazingekuonyesha hayo.

Hesabu hii inafanya kwa vitu vingi. Chama kinachokopesha wanachama kiangalie mikopo ya mwezi wa tatu kama kohoti moja, imelipwa kiasi gani baada ya miezi mitatu, sita, badala ya kuangalia deni lote kwa jumla, juu mikopo mipya haijafika siku ya kulipa na inafanya jumla ionekane nzuri. Salun, kliniki, kanisa lenye waumini wapya, huduma ya kuleta maji, ni daftari lile lile. Na hakuna haja ya programu ya bei, kalamu na uaminifu vinatosha, ama Excel kama unaijua.

Sheria moja tu ya daftari: jina likishaingia kwa mstari wake halihamishwi. Mtu wa January akiondoka akarudi May, ni wa January. Ukimwandika upya May umeharibu mistari miwili kwa kalamu moja.

Hatua ya 6: Walioondoka bado ni wa kohoti

Kama ni kitu kimoja utabeba kwa haya yote ningependa kiwe hiki. Mtu akiacha, haondoki kwa kohoti. Anaacha programu, anaacha shule, anaacha dawa, lakini kohoti yake ni ile aliyoanza nayo na anahesabiwa humo.

Angalia vile ripoti huandikwa. Mafunzo ya vijana yameanza na watu 30. Waliomaliza ni 18. Kati yao 15 wamepata kazi. Ripoti inatoka imeandikwa asilimia 83 ya kohoti wamepata kazi, makofi, wafadhili wanafurahi. Hiyo 83 ni 15 kwa 18. Kohoti ilikuwa 30, kwa hivyo ni 15 kwa 30, asilimia 50. Na 50 si mbaya! Kwa mji kama huu kijana mmoja kwa wawili kupata kazi ni jambo la kujivunia. Lakini ukiandika 83 umewafuta watu 12, na hao 12 ndio wangekuambia kwa nini nauli ya kutoka Kayole mpaka darasa iliwashinda, ama saa mbili asubuhi haiwezekani kwa mama wa mtoto mchanga. Ukiwafuta huwezi kuwauliza, na kohoti inayofuata itawapoteza wengine 12 kwa shimo lile lile.

Kwa hivyo ukiandika ripoti andika namba tatu kwa sentensi moja, walioanza, waliomaliza, waliofika pale mlipotaka wafike. "Of the 30 who started, 18 completed and 15 are working." Sentensi hiyo haina mahali pa kujificha, na mfadhili anayejua kazi yake anaiheshimu.

Watafiti wa afya walijifunza nidhamu hii zamani. Mwaka wa 1948 katika mji wa Framingham, Massachusetts, kule Marekani, waliandikisha watu 5,209 na kuanza kuwafuata kuona nani atapata ugonjwa wa moyo na kwa nini, na mengi tunayoambiwa leo kuhusu presha, kolesteroli na sigara yametoka hapo. Mwaka wa 1971 wakaandikisha watoto wa wale watu, 2002 wajukuu. Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kufuata madaktari mwaka wa 1951 kuangalia wanaovuta sigara na wasiovuta, wanaume peke yake walikuwa zaidi ya 34,000, na baada ya miaka 50 utafiti huo ukaonyesha kwamba mtu aliyevuta maisha yake yote alipoteza kama miaka 10 ya kuishi. Huwezi kupata jibu kama hilo ukihesabu waliobaki tu. Aliyekufa ndiye jibu lenyewe.

Na Nairobi iko kwa historia hiyo. Pumwani, pale Majengo, kuna kohoti ya wanawake wanaofanya kazi ya ngono iliyoanzishwa 1985 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada. Kwa kuwafuata miaka na miaka ikaonekana kwamba wachache kati yao, licha ya kukutana na virusi vya ukimwi mara nyingi, hawakuambukizwa, na wanasayansi wa dunia nzima wakaja kusoma miili ya hao akina mama wa Majengo kutafuta njia ya chanjo. Hiyo ilikuwa kohoti ya wazi, kwa maana kwamba watu wapya waliendelea kuandikishwa mwaka baada ya mwaka, kila mmoja na tarehe yake ya kuanza. Kohoti ya kufungwa ni kama Cohort 6 yako, mlango ukishafungwa hakuna mpya.

Sasa rudi nyumbani kwa watoto wetu. Kohoti ya kwanza ya CBC ni wale waliofanya KPSEA, mtihani wa mwisho wa Grade 6, mwishoni mwa 2022, wakaingia Grade 7 January 2023, wakafanya KJSEA, ule wa mwisho wa Grade 9, mwishoni mwa 2025 na kuingia Grade 10 January 2026. Ukisikia mtu anahesabu "pioneer cohort" uliza anahesabu kutoka wapi. Akianza na waliofika Grade 10 amewaacha nje wale walioachia njiani. Msichana aliyetoka Grade 8 akaenda kufanya kazi ya nyumba Embakasi ni wa pioneer cohort, sawa kabisa na yule aliyeingia shule ya kitaifa. Shule zinazojua hivyo zina orodha ya Grade 7 na zinaulizia jina kwa jina. Kama uko kwa bodi ya shule, omba hiyo orodha.

Hatua ya 7: Ukilisema kwa Kiswahili

Kohoti linakaa vizuri kwa ngeli ya kalamu, kohoti hii, kohoti hizi, kohoti yetu imeanza. Kwa maongezi ya ofisi linaeleweka. Lakini ukiongea na wazazi kwa baraza ama na wanachama wa chama huko Dandora, una maneno yako mazuri usiyaache. Kama kinachowaunganisha ni umri, sema rika. Kama ni mafunzo yanayorudiwa, awamu ya tatu inatosha, vijana wa awamu ya tatu, kila mtu anaelewa. Kwa CBC, watoto waanzilishi. Kwa utafiti, watu walioandikishwa pamoja na wanaofuatiliwa, ni ndefu ila mama anayeombwa kuweka sahihi kwa fomu ya utafiti anastahili kuelezwa kwa urefu huo, akijua kwamba watamrudia mwaka ujao na mwingine, na kwamba ana ruhusa ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu.

Na kwa minutes za mkutano, ukishaandika kohoti mara ya kwanza weka hapo hapo tarehe waliyoanza na idadi yao: kohoti ya Machi 2025, watu 30. Mwenye kusoma hizo minutes baada ya miaka mitano atajua unaongea juu ya akina nani.